Mvua Niliyoituma Mwenyewe

Mkinicheka, mnicheke polepole. Wiki jana nilikuwa nyumbani Njoro, najaribu huduma mpya ya mtandaoni ya kuwatumia wakulima habari za hali ya hewa kwa simu. Nilikuwa nimeijaza namba yangu na za mama na majirani, na kwa maringo nikajipa cheo kando ya jina langu.

Nje, mahindi ya kijiji kizima yalikuwa yameanikwa kwenye maturubai. Jua lilinibembeleza hadi nikawa nusu usingizini. Nikaiona mvua ya ndotoni ikishuka taratibu kutoka milima ya Mau, nikaandika, "Mvua kubwa saa nane," nikabonyeza kitufe, nikasinzia juu ya laptop.

Simu ikaniamsha kwa meseji. Mvua kubwa saa nane! Nikatoka mbio bila viatu, nikampigia kila mtu kelele ajaze magunia.

Saa tisa tulikuwa tumekalia magunia, tukitazama anga buluu, tulivu, isiyo na hata wingu.

"Na hii mvua iko wapi?" akauliza jirani yetu, mzee Kirui. "Nani alituma hii meseji?"

Mama akavaa miwani, akasoma hadi chini kabisa.

"Mtumaji: Kevo, Bwana Mawingu."