Mtani Hakasirikiwi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Umenijia na shikamoo yako na habari kwamba wiki ijayo unakwenda kwenye kikao cha wabunge wenzako wa mikoa ya Pwani na Tanga, kupanga mambo ya umeme na gesi. Hongera. Mimi nimechoka, hata kukaa kunanichosha, lakini hili nisikilize.

Nilikuwa diwani kijana hapa Kiwangwa, mdomo mwingi na suruali ya pasi. Tukaitwa tukutane na wenzetu wa ng'ambo ya Mto Wami, tuandike ombi moja la njia ya umeme. Tulishaambiwa: pande mbili zikitia sahihi pamoja, nguzo zinakuja, kila mtu akija kivyake, atangoja. Na wakulima wetu mananasi yalikuwa yakiwaozea shambani kwa kukosa mashine ya kukamua juisi.

Diwani wa upande wa pili alikuwa Mzigua mmoja mnene, Mzee Sefu. Akanitazama, akasema, "Nyinyi Wakwere mkipewa umeme, si mtaanika makopa ya muhogo kwenye nyaya!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Unajua Wazigua ni watani wetu tangu mababu. Mtani hukutania hata kwenye msiba wa baba yako, nawe ukacheka. Lakini siku ile palikuwa na wakubwa kutoka wizarani, nikaona nimevuliwa nguo. Nikasema sitii sahihi na mtu asiye na adabu. Nikatoka.

Nyumbani nilimkuta shangazi yangu, Bi Mwanahawa, nikamsimulia nikitegemea pole. Hakuinua hata uso.

"Kwa hiyo umemkasirikia mtani?"

"Kanidhalilisha, shangazi."

"Kakufanya wake. Angekuona mgeni angekusalimu vizuri, akanyamaza, mkaachana kila mtu na lake. Rudi ukamtanie na yeye, kisha utie sahihi."

Sikurudi. Ilikuwa aibu, mimi nikaiita heshima. Nilipovuka mto wiki tatu baadaye, Mzee Sefu alinipa chai, akanionyesha nakala ya ombi. Yeye alishatia sahihi siku ile ile. Nafasi yangu ilikuwa wazi, na muda umepita. Hakunitania hata neno moja. Hapo ndipo nilipojua nimeharibu.

Nguzo zilipelekwa kwingine. Umeme tumekuja kuupata juzijuzi tu, na wengi waliousubiri tumeshawazika.

Hasira hasara, tunasema kila siku, kisha tunakasirika. Huko uendako, mwanangu, kila mmoja atavutia kwake, na ni haki yake, katumwa. Bishana nao. Wakikutania, watanie. Ila usitoke ukumbini na sahihi mfukoni, maana si yako, ni ya waliokupigia kura, na wao hawakukutuma ukasirike.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na awape watu wako umri wa kuyaona matunda yake. Amin.