Nshajua: Injekta ya Mafuta ya Nazi

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilikuwa sitaki kuisimulia, lakini jana umenilazimisha. Umekuja hapa Kiembe Samaki, umenipa shikamoo yako ya haraka haraka, umenifungulia mchoro wa hiyo injekta unayoibuni kazini kwenu, ya kunyunyizia gesi na dizeli ndani ya injini za meli kubwa, zote mbili kupitia mwili mmoja mdogo. Mchoro mzuri, sikatai. Nikanyoosha kidole nikuulize jambo moja tu. Hata sijafika katikati, ukanambia, "Nshajua, baba."

Nshajua! Lo, neno hilo! Chai yenyewe ikanishinda. Haya, iweke chini simu yako unisikilize, na mara hii nitamaliza.

Miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi nilikuwa fundi kijana katika karakana ya meli pale Malindi. Mkubwa wangu alikuwa Fundi Jeram, Mhindi aliyezaliwa Mlandege, akisema Kiunguja kukushinda wewe. Ndani ya kila injekta mna sindano inayofungua na kufunga njia ya mafuta, na sindano hiyo Fundi Jeram alikuwa haipimi kwa chombo. Akifumba macho, akiitelezesha tunduni kwa ncha za vidole, halafu akisema, "Hii inakwaruza." Ukienda kuipima, kweli inakwaruza. Karakana nzima ilikuwa ikitegemea vidole vile.

Basi dizeli ikawa adimu. Meli yetu ya Pemba ikawa inalala bandarini siku nyingi ikingoja mafuta, na watu wamekaa na mizigo yao. Mafuta ya nazi, hayo yalikuwapo tele. Tukaambiwa tujaribu: injini iwashwe kwa dizeli, ikishapata moto ibadilishiwe mafuta ya nazi. Lakini kila silinda ilikuwa na tundu moja tu la injekta. Ikabidi tutengeneze injekta moja yenye njia mbili, na iwe ndogo ya kuenea pale pale. Kazi ya kuichora nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo na najisifu sana.

Fundi Jeram alinichorea ya kwake kwa chaki sakafuni. Njia ya dizeli, njia ya mafuta ya nazi, na ubavuni mfereji wa kupitisha maji ya moto. Ilikuwa nene, na ili ienee ingebidi tundu la injini lichongwe upya. Mfereji ule nikauona upuuzi. Injini yenyewe moto, maji ya moto ya nini tena? Nikaufuta. Hata zile pande bapa za juu, za kushikia spana na koleo, nikazitoa, nikaifanya duara tupu. Yangu ikatoka nyembamba, inang'aa, ungedhani kitu cha sonara.

Nikampelekea. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Makame, mfereji umeutoa. Sasa haya mafuta ya nazi, ikija kuingia—"

"Nshajua, Fundi."

Akanitazama. "Umeshajua?"

"Nshajua."

Akanirudishia. Kisha akarudi kwenye sindano zake.

Tukaijaribu wakati wa kaskazi, joto la kutoa jasho umekaa. Injini ikaimba. Watu bandarini wakanipa mkono, na miezi ikapita meli inakwenda Pemba na kurudi, na mimi kichwa kimevimba hata kofia hainienei.

Kikaingia kipupwe na baridi yake. Hebu nikuulize, mwanangu: asubuhi za kipupwe mama yako hufanya nini na chupa yake ya mafuta ya nywele? Huianika juani, au huitia katika bakuli la maji moto. Kwa nini? Kwa sababu mafuta ya nazi yameganda chupani, meupe pepepe, hayatoki hata uitikise vipi. Mama yangu naye akifanya hivyo hivyo. Kila mtoto wa Unguja ameliona jambo hili kabla hajajua kusema. Na mimi nililijua! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nililijua nyumbani, nikaliacha nyumbani, nikenda zangu karakana.

Asubuhi ya siku ile niliyokwambia, meli ilikuwa imetia nanga mbele ya Mkokotoni. Tulikuwa tumeshusha mizigo tangu jana yake, injini imezimwa, imepoa. Mimi na Fundi Jeram, tuliofuatana nayo kuiangalia injini, tumo chini, na juu abiria wamejaa, akina mama na watoto. Upepo wa kusi ukazidi nguvu, nanga ikaanza kuachia, na meli ikawa inasogezwa kuelekea kwenye miamba ya upande wa Tumbatu. Nahodha akapiga kelele, "Washeni!" Tukawasha. Injini inazunguka, haishiki. Tena. Haishiki. Mafuta ya nazi yaliyobaki katika zile njia zangu nyembamba yalikuwa yameganda kama samli na kuzikamata sindano. Hata dizeli haikuweza kupita, maana sindano ni moja kwa njia zote mbili.

 Fundi Jeram akaagiza maji yanayochemka kutoka jikoni. Ungekuwapo ule mfereji wake, maji yangepita ndani na kazi ingekwisha. Haukuwapo. Ikabidi injekta zichomolewe, zishikwe huku zikimwagiwa maji hayo, na sindano ichezeshwe mpaka iachie. Kila tukizibana kwa koleo zinateleza, kwa sababu fundi mkubwa mimi nimezifanya duara! Basi yule mzee akajifunga vitambaa viganjani, akaacha ncha za vidole wazi, akazishika kwa mikono yake.

"Niachie mimi, Fundi!"

"Wewe hujui inavyoachia. Mimina."

Nikamimina. Mkono huu huu unaouona ndio uliommwagia maji ya moto vidoleni, injekta moja baada ya moja, zote sita. Alikuwa akiuma meno, machozi yanamtoka, na vidole vinazungusha sindano. Tukazirudisha mahali pake, na injini ilipokuja kushika, waliokuwa juu walikuwa tayari wanaiona miamba chini ya maji. Hakufa mtu, alhamdulillahi.

Ngozi ilipona. Aliporudi karakana nikampa sindano aipime. Akafumba macho, akaitelezesha. Akaitelezesha tena. Kisha akanirudishia. "Pima kwa chombo, Makame. Mimi siisikii."

Nikamuuliza, "Fundi, siku ile kwa nini hukunambia?"

"Uliniambia umeshajua. Mtu mzima akisema anajua, mimi nimwite mwongo?"

Nikaanza kumtaka radhi. Akauinua mkono wake wenye makovu.

"Nshajua," akasema.

Wala hakusema kwa ubaya. Lakini radhi yangu ikakatika hapo hapo, na kila nilipojaribu tena alinijibu neno hilo hilo, mpaka akafariki sijaitoa. Hapo ndipo nilipojua mtu hujisikiaje akikatwa kauli kwa neno lile.

Sasa nnakwambia waziwazi, maana nyinyi mkifichiwa mnasema hamkuambiwa. Mtu akianza kukueleza jambo, hata kama unalijua, mwache amalize. Akimaliza, mwambie, "Enhe, kisha?" Na kila unapopunguza kitu katika mchoro ili injekta iwe ndogo, mtafute kwanza aliyekiweka, umuulize alikiweka kwa nini. Huko kazini kwenu wapo wazee wameungua kabla yako, na ukiwafunga mdomo hawatakulazimisha kusikia.

Mungu akuhifadhi, mwanangu. Kazi yako iwafikishe watu salama makwao, vidole vyako uzeeke navyo vikiwa vizima, na usikose mtu wa kukwambia usilopenda kusikia. Haya, ufungue tena huo mchoro, nikuulize lile nililotaka kukuuliza jana. Lakini kwanza itikia dua yangu. Sema amin. Amin tu, unanisikia? Ole wako unambie nshajua.