Shemeji alivyotaka home theatre chini ya nyumba ya mawe Amu, na mimi nikanyamaza

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Haya ninayoandika mke wangu ameyasoma kabla yenu, na mhusika ni kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo sina pa kutia chumvi.

Mimi ni seremala hapa Amu. Natengeneza milango na fremu za madirisha. Naishi Wiyoni na mke wangu Mwanaisha. Kwao ni mji wa kale, nyumba ya mawe ya ghorofa, ambapo mama yake, Bi Zainabu, anaishi juu. Miguu inamsumbua, kushuka ngazi ni shughuli.

Chini kuna chumba kilichokuwa stoo. Sakafu yake imezama karibu futi tatu chini ya njia ya nje. Basement ya Kiamu, tuseme.

Sasa aingie shemeji Shee.

Shee alikaa Doha miaka sita akilinda mlango wa mall. Akarudi na projekta, spika za kutosha harusi, na simu iliyojaa video za Wazungu wanaopigilia mbao. Akatangaza kwamba anajenga home theatre mwenyewe. Fundi wa nini?

Plan yake aliichora nyuma ya boksi la projekta. Vipimo alichukua kwa hatua za miguu yake. Nikamuuliza pimamaji iko wapi, akanionyesha app.

Wakuu, app! Kwenye simu yenye kava lililovimba upande mmoja.

Nikamwambia kistaarabu, "Shemeji, ukuta wa mawe na chokaa huu una unyevu. Fremu yako iache nafasi, isiuguse."

Siku ile ilikuwa Ijumaa, tumemaliza kula, kuna wageni. Shee akacheka mbele yao wote. "Bwana shemeji, nyinyi mafundi wa Amu mumebaki na milango tu. Dunia imeshawapita."

Wageni wakacheka. Nikacheka nami. Lakini iliniingia.

Basi fremu ikasimama, kama neno kusimama linafaa. Nguzo moja huku, nyingine kule, kati yake ng'ombe anapita. Mbao zimebanwa kwenye ukuta mbichi. Badala ya kitu cha kuzuia sauti alijaza sponji za magodoro ya zamani. Baada ya wiki chumba kinanuka kama soksi. Yeye anapita na tape begani, anajiita project manager.

Kisha akaja na lililo kubwa. Aliona kwenye video kwamba viti vya nyuma huinuliwa ili watu wasizibane. Dari yake ni fupi, akiinua jukwaa watu watagonga vichwa. Bwana mkubwa akafikiri, akapata jawabu: badala ya kuinua nyuma, atachimba mbele!

Akachimba pale pa screen, mpaka chini ya ukuta. Nilipopita kumwangalia, shimo lilikuwa linafika magotini. Nikainama nikaona mawe ya mwisho ya ukuta yananing'inia, chini yake mchanga mtupu. Na ukuta ule ndio uliobeba boriti za chumba cha Bi Zainabu.

Niliona, wakuu. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba, sikuhitaji kuambiwa.

Shee akaniuliza, "Vipi, fundi wa milango?"

Nikamwambia, "Hongera." Nikaondoka. Kesho yake nikaenda Siyu kufunga mlango wa mtu, kazi ya siku tatu. Njia nzima nilikuwa nawaza atakavyoaibika.

Nilisahau kwamba bamvua limekaribia, maji ya bahari yanapanda kuliko kawaida. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, Mwanaisha akanipigia analia. "Rudi. Ukuta wa nyumbani umepasuka. Mama yuko juu na hataki kushuka."

Nilipofika, ufa ulikuwa unameza vidole vyangu vitatu. Chini, maji yametoka mchangani yakajaa shimo. Shee amesimama ndani yake, ameikumbatia fremu yake kwa mikono miwili, kana kwamba ataizuia ghorofa kwa kifua. Analia huku anasema, "Shemeji, nishikie hapa, nishikie hapa."

Nikamvuta kwa shati. "Yaache magongo hayo! Twende kwa mama!"

Bi Zainabu yuko kitandani, vumbi la chokaa limemwangukia mtandioni. "Kuna nini huko tini? Yuu huku patikisika."

Tukamkalisha kwenye kiti, tukambeba mimi na Shee, ngazi nyembamba, kila hatua boriti zinalia. Tulipofika nje, kipande cha ukuta kikashuka. Kitanda chake kikabaki kimeinama upande mmoja, mguu mmoja hewani.

Jirani mwashi, Bwana Athmani, akaja na watu na boriti nzito. Wakaegemeza dari, wakajaza shimo kwa mawe. Alipomaliza akajipangusa, akauliza, "Shimo hili hakuna fundi aliyeliona kabla?"

Shee akaangalia chini. Angeweza kunitaja, hakunitaja.

Nikasema, "Mimi nililiona."

Bi Zainabu alikuwa kwenye kiti barazani. Akanigeukia. "Shee hakujua. Weye ulijua."

Sasa anaishi kwetu Wiyoni, nyumba inatengenezwa. Chakula changu anakula, salaam anaitika. Akitaka kitu anamwambia mke wangu, hata nikiwa nimekaa mbele yake.

Shee bado ni mjinga, silibadilishi hilo. Alinipigia juzi kuniuliza kama fremu itafaa kwa banda la kuku. Nikamwambia kuku pia wana roho, aniletee mbao nizione kwanza.

Nilichojifunza: kama kazi unaijua, sema, hata wakikucheka mbele ya wageni. Sema mara ya pili. Mimi nilisema mara moja, kwa jambo dogo la unyevu, na kwa jambo kubwa nikatoa hongera.

Wenye mashemeji mafundi wa simu, karibuni mtiririke. Na kama kuna aliyewahi kumwomba mkwewe msamaha, nielezeni alianzaje, maana mimi kila nikifungua mdomo yule mama anaomba maji kwa Mwanaisha.