Kidole cha Bibi wa Mwera

Juzi kwenye kaunta ya kusajili laini za simu hapa Tanga, mbele yangu alisimama bibi mmoja wa kijiji cha Mwera. Aliweka kidole gumba juu ya kile kimashine cha alama za vidole. Taa ikawaka nyekundu.

"Bibi, weka tena," akasema kijana wa kaunta.

Bibi akakifuta kidole kwa ncha ya kanga, akaweka. Nyekundu. Akajaribu vingine, akahamia mkono wa kushoto. Nyekundu tupu. Foleni nzima tukaacha kunung'unika, tukakikodolea macho kidole kama tunaotazama penalti.

"Leo ndio mwisho, bibi. Laini isiposajiliwa inafungwa."

"Sasa mwanangu aliye melini atanipata wapi? Namba anayoijua ni hii hii!"

Mara taa ikawaka kijani. Sote tukashusha pumzi. Kijana akaitazama kompyuta yake.

"Mtandao umekata. Tunaanza upya."

Ningekuwa na jiwe, kompyuta ile ingejuta. Nikaishia kumsimulia bibi kisa cha Mgiriki wa kale aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani. Kila akikaribia kileleni linaporomoka, naye anaanza upya, milele.

"Maskini! Alikosa nini?"

"Alimhadaa mtoa roho, bibi."

Bibi akavitazama vidole vyake, vimelika alama hadi vinang'aa.

"Mie nimesokota kamba za makumbi ya nazi tu," akasema, akakirudisha kidole kwenye mashine.