Viatu Chini ya Rafu

Jumanne nilikwenda kituo kimoja cha polisi hapa Kampala kuripoti kupotea kwa kitambulisho changu. Mbele yangu kwenye kaunta alisimama mama mmoja kutoka mtaa wa Bukoto, ambaye mumewe alichukuliwa na wanajeshi Ijumaa, tonge likiwa bado mkononi.

"Nyabo, bwana yako hayuko hapa," alisema konstebo, akifunua kitabu cha mahabusu. "Jina yake hakuna."

Mama hakukitazama kitabu. Alinyoosha kidole chini ya rafu, panapowekwa viatu na mikanda ya wanaofungiwa.

"Afande, ile viatu ya kahawia, kamba moja nyeusi. Hiyo kamba nilitia mimi. Ilitembea peke yake kuja hapa?"

Konstebo alikifunika kitabu kwa kiganja. "Mama, rudi nyumbani. Hata mimi niko na watoto."

"Basi andika viatu. Na mbele yake andika jina ya mwenyewe."

Hakuandika. Mama akaketi sakafuni, macho yake kwenye viatu.

Shuleni tulifundishwa kwamba katiba humlinda raia: akikamatwa huambiwa kosa lake na kufikishwa mbele ya hakimu. Watawala walipoisimamisha kwa amri, tulinyamaza, tukidhani kilichosimamishwa ni karatasi tu.

Zamu yangu ilipofika, konstebo aliandika upesi, kwa hati nzuri: rangi ya kitambulisho, namba, hata pembe iliyochanika. Karatasi yangu sasa imo kitabuni, na serikali imeahidi kuitafuta.