Darubini ya Jumamosi

Gesare, binti wa wakulima wa chai wa Magwagwa, alisomea fizikia na elimu ya anga chuoni. Mwaka wa tatu aliitaka kozi ya hiari ya darubini, lakini mazoezi yake yalikuwa Ijumaa usiku, na kwao ni Wasabato, ambao Sabato yao huanza Ijumaa jioni.

"Chagua elektroniki tu, mwanangu," mamake alimsihi kwenye simu.

Gesare alikataa katakata, akamfuata mhadhiri ofisini.

"Daktari, tuhamishie mazoezi Jumamosi."

"Si hiyo ndiyo Sabato yenu?"

"Sabato inaisha jua likitua. Kwani nyota hutoka saa ngapi?"

Mhadhiri alicheka, akabadilisha ratiba.

Jumamosi iliyofuata, giza lilipoingia, Gesare alitangulia kwenye darubini, bado amevaa nguo za kanisani. Mamake akapiga simu.

"Haya, umeona nini?"

"Zohali, mama. Na pete zake zote!"