Cheo Alichopewa Mzee Ibrahimu

Mtaa mzima ulimwita Bi Patasi, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Ufundi wa kuchonga mbao aliupata kwa baba yake, ambaye hakuwahi kusema atamfundisha binti, ila alichoka kumfukuza karakanani. Kaka yake mkubwa, aliyetarajiwa kushika zana, alikimbilia vitabu, akasoma hasa, akaja kuwa imamu wa msikiti wa pale mtaani. Kwa hiyo imamu, kwa Bi Patasi, alikuwa mtu anayemjua nje ndani: anayekoroma, anayetafuta miwani ilhali ameivaa, anayenuna chai ikipoa.

Siku moja akaingia karakanani mwake mzee wa kilemba cheupe, shehe wa msikiti wa Mashia ulio upande wa pili wa soko. Alitaka ubao wa msaji wa kuweka juu ya mlango, na aya yenyewe alikuja nayo, imeandikwa kwa hati nzuri ya kuvutia macho. Bi Patasi alijua kuisoma, ila maana ilimpita, naye hakuwa mtu wa kuchonga asichokielewa. Akamvutia mgeni kigoda.

Shehe akamweleza pole pole. Aya ilimhusu Nabii Ibrahimu: Mola wake alimtia katika mitihani, akaitimiza yote, ndipo akaambiwa kwamba atafanywa imamu wa watu.

"Ngoja kidogo, shehe," Bi Patasi akasema. "Hapo si alikuwa nabii tayari?"

"Tayari, mama. Nabii, na mtume, na kipenzi cha Mungu. Ameshatupwa motoni akatoka. Ameshamlaza mwanawe chini ya kisu. Mvi zimemjaa kichwani. Ndipo anaambiwa neno hili."

Ndiyo maana, shehe akaendelea, kwao uimamu si kusalisha watu tu, bali ni daraja nzito ajabu. Maimamu wao kumi na wawili hawakuletewa sheria mpya, maana unabii ulifungwa kwa Mtume Muhammad, naye yuko juu yao wote. Lakini wengi katika wanazuoni wao huwaweka juu ya manabii waliomtangulia. Bi Patasi hakukubali wala hakukataa. Vinyweleo vilimsimama mikononi. Alikuwa anamwona Mzee Ibrahimu, aliyeshapewa kila kitu na kunyang'anywa karibu kila kitu, bado anaitwa kupanda juu zaidi.

Kazi ikaanza, na habari ikamfikia kaka. Akaja karakanani uso umekunjamana. Akamwambia mdogo wake kwamba hakuna binadamu anayefikia daraja ya manabii, awe imamu, awe walii. Kwamba imamu katika aya ile ni kiongozi wa kufuatwa, na kwa maana hiyo kila nabii ni imamu.

"Usije ukachanganywa," akamaliza.

"Sijachanganywa, kaka. Nachonga Kurani. Hayo ya nani yuko juu ya nani mtayamaliza wenyewe mliosoma. Lakini njoo uone."

Akamshika mkono, akauweka juu ya ubao. Jua la asubuhi liliingia dirishani kiubavu, likajaza vivuli ndani ya herufi, zikaonekana kama zimechimbwa mbali kuliko unene wa mti wenyewe. Vidole vya kaka vikapita juu ya neno imamu, vikasogea mbele, pale Ibrahimu anapouliza kama mzazi yeyote: na watoto wangu je? Vikafika kwenye jibu, kwamba ahadi hiyo haiwafikii madhalimu. Vikasimama.

Aya hiyo alikuwa ameisoma tangu utotoni, kwa moyo, bila kukwama. Sasa alikwama.

"Kila siku wananiita njiani, imamu, imamu," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi naitika tu."

Adhuhuri ile, msikitini kwa kaka yake, Bi Patasi alikuwa nyuma ya pazia la wanawake. Kaka yake alisimama mbele ya safu, akachelewa kuanza hata watu wakaanza kukohoa. Ndipo akatoa takbira.

Ubao ulipopandishwa kwenye msikiti wa Mashia, kaka alikwenda naye. Uani pale yeye na shehe walibishana kuhusu daraja za manabii na maimamu mpaka adhana, na hakuna aliyelegeza msimamo hata kidogo, ila kila mmoja alimsikiliza mwenzake hadi mwisho. Bi Patasi aliwaacha, akasimama mlangoni, shingo imeinuka, akiwatazama watu wakipita chini ya maneno yale kwenda kuswali. Yalikuwa kazi ya mikono yake, na bado aliyaogopa kwa namna iliyomfurahisha.

Akavua viatu, akaingia upande wa wanawake. Alipofunga mikono kifuani, jirani yake, kwa desturi ya Mashia, aliiacha yake ining'inie ubavuni, akasogea kidogo kumpa nafasi nzuri. Wakarukuu pamoja.